Nanochembe za PLGA zinapogoma: dalili, visababishi na pa kuanzia kutafuta

Nanochembe za kubebea dawa zikitoka vibaya, mtu wa maabara hukimbilia kubadilisha polima au kuongeza PVA (polivinili alikoholi, kisaidizi kinachozuia matone na chembe kushikana). Wiki inakatika, PLGA ya bei mbaya inapungua kwenye chupa, na tatizo liko palepale. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, maana dalili ndiyo inayoonekana kwanza. Lakini nyuma ya karibu kila dalili kuna maswali mawili, na ukiyajibu mapema unaokoa pesa nyingi. La kwanza: kilichoharibika ni chembe zenyewe, au ni kipimo? La pili: dawa yako inapenda kukaa wapi, kwenye maji au kwenye mafuta? Polima inasingiziwa mengi ambayo kwa kweli ni ya dawa na ya mashine.

Mifano yangu ni ya PLGA, polima ya asidi laktiki na asidi glikoliki ambayo mwili huivunja wenyewe, na dawa tatu: rifampisini na isoniazidi za kifua kikuu, na efavirenzi ya VVU. Nimezichagua kwa sababu zinapatikana kwetu, na kwa sababu kila moja ina tabia yake mbele ya maji. Kufungia dawa za kifua kikuu ndani ya PLGA si jambo geni Afrika. Profesa Hulda Swai, Mtanzania, aliongoza kazi hiyo katika CSIR, baraza la utafiti wa kisayansi la Afrika Kusini, kule Pretoria, kabla ya kuhamia Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha.

Namba ya ukubwa haieleweki

Ulitarajia nanomita 180, mashine inakupa 640 na PDI (kipimo cha jinsi ukubwa wa chembe unavyotofautiana) ya 0.5. Usimwage bechi bado.

Mashine inayopima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga haihesabu chembe moja moja. Kwa chembe ndogo, mwanga unaotawanywa hupanda kwa kipenyo kilichopigwa kipeo cha sita, yaani chembe ya nanomita 100 hutawanya mwanga mara 64 zaidi ya chembe ya nanomita 50. Kwa hiyo vumbi kidogo tu kwenye kikombe cha kupimia linaweza kufunika bechi nzima nzuri. Zimua sampuli kwa maji yaliyopita kwenye chujio la mikromita 0.22, suuza kikombe kwa maji hayohayo, kisha pima mara tatu mfululizo. Kama kilele cha chembe kubwa kinatokea safari moja na kupotea safari nyingine, hilo ni vumbi au kiputo. Kikitokea kila mara mahali palepale, hapo sasa una tatizo la kweli.

Pima pia katika viwango viwili vya kuzimua, mfano mara 20 na mara 100. Ukubwa ukibadilika kwa kuzimua tu, sampuli ya kwanza ilikuwa nzito mno. Angalia na mnato ulioandikwa kwenye programu: ukipima chembe zikiwa bado ndani ya PVA huku mashine ikiamini ni maji matupu, itakutajia ukubwa uliozidi ule wa kweli. Na sampuli iliyotoka kwenye friji sasa hivi ipe dakika chache ifikie joto la mashine.

Ukishamaliza hayo na namba bado ni mbaya, rudi kwenye utengenezaji. Kama unadondosha asetoni yenye polima kwenye maji, ukubwa unaongozwa na mambo mawili: wingi wa polima ndani ya asetoni, na kasi ya vimiminika viwili kuchanganyika. Nyuzi nyeupe zilizojizungusha kwenye sumaku ya kukorogea maana yake polima imezidi au mchanganyiko ni wa polepole. Punguza polima kwa nusu kabla ya kufanya lolote lingine, na ncha ya sindano ielekee pale ambapo maji yanazunguka kwa nguvu, si ukingoni mwa bika ambako yamelala.

Kama unatumia emulsheni (matone ya kiyeyushi yaliyotawanywa ndani ya maji) na dikloromethani, kumbuka kwamba kiyeyushi hicho huchemka karibu nyuzi joto 40. Katika maabara ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na kiyoyozi, kinakukimbia kwenye bika ukiwa bado unatafuta vizibo vya masikio. Polima inazidi kuwa nzito, na emulsheni ya leo haifanani na ya jana. Pima kiyeyushi dakika ya mwisho, funika, na weka bika kwenye barafu muda wote sonikata, mashine ya kupasua matone kwa mawimbi ya sauti, inapofanya kazi. Ncha ya sonikata nayo ina mambo yake. Ikikaa juu sana inapiga povu, ikigusa kitako cha bika inapoteza nguvu, na ikiwa imeliwa na kuwa na vishimo haitoi nguvu ileile hata kama skrini inaonyesha asilimia ileile.

PVA yenyewe inataka macho mawili. Inayofaa kwa kazi hii kwa kawaida ni ile iliyohidrolisiwa asilimia 87 hadi 89. Ile ya asilimia 98 na zaidi ni kitu kingine kabisa: huyeyuka kwa shida na haikai vizuri kwenye uso wa matone. Hata ile sahihi lazima iyeyushwe kwa maji ya moto, nyuzi 80 hadi 90, huku ikikorogwa, halafu ipoe na kuchujwa. Vidonge laini vya PVA ambavyo havijayeyuka havionekani kwa macho, ila mashine inaviona vizuri sana.

Zilikuwa nzuri jana, leo zimeshikana

Anza na kilichobadilika kati ya jana na leo. Mara nyingi ni sentrifuji.

Itifaki nyingi huandika "mizunguko 10,000 kwa dakika", maelezo ambayo hayamsaidii mtu mwenye mashine tofauti. Nguvu inayozikandamiza chembe inategemea pia umbali wa mrija kutoka katikati ya rota. Mizunguko 10,000 kwenye rota yenye nusukipenyo cha sentimita 8 ni takriban 8,900 g, yaani mara 8,900 ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kwenye rota ya sentimita 15 ni karibu 16,800 g. Chembe zilezile, kibandiko kilekile cha "10,000", lakini moja inatoa mashapo laini yanayorudi kwa kutikiswa na nyingine inatoa gundi. Andika g daima. Ukipewa itifaki yenye mizunguko tu, muulize aliyeiandika rota yake ni ipi.

Mashapo yakiwa magumu, mimina maji baridi juu yake na uyaache usiku mzima kwenye friji kabla ya kuyatikisa. Ukilazimisha kwa nguvu papo hapo unapata vipande, si chembe. Nguvu ikiwa ndogo mno nayo ina gharama: maji ya juu yanabaki na weupe wa samawati, ishara kwamba chembe ndogo hazijashuka. Utazimwaga pamoja na dawa iliyomo, kisha kwenye hesabu utaiita dawa hiyo "haikufungwa". Weka alama hapo, tutapakuta tena.

Sababu nyingine ni chumvi. Chembe zinazotegemea chaji pekee kutengana zitashikana mara tu ukiziweka kwenye bafa ya fosfati (maji ya chumvi yanayoshikilia pH), kwa sababu chumvi inaifunika chaji. Zihifadhi kwenye maji au maji yenye sukari, na bafa iingie siku ya jaribio tu. Kama lazima zikae kwenye chumvi, zinahitaji koti la kutosha la polima inayopenda maji, kama PEG, poloksama au PVA.

Halafu kuna joto. PLGA kavu hulainika kwenye nyuzi 45 hadi 50 hivi, kwa hiyo watu huamini kwamba nyuzi 30 za mezani ni salama. Ikishanyonya maji, kiwango hicho hushuka kwa nyuzi 15 hivi. Chembe zilizolowa na kuachwa juu ya meza mchana kutwa zimekaa karibu kabisa na kulainika, na zikiwa na masalia ya kiyeyushi ndani ndio kabisa. Hakikisha asetoni au dikloromethani imetoka yote kabla ya kuhifadhi. Viwango vya kimataifa vya ICH vinaruhusu dikloromethani sehemu 600 kwa milioni tu katika dawa, asetoni 5,000, kwa hiyo hata bila suala la kushikana una sababu ya kuiondoa.

Dawa haikai ndani

Hapa ndipo swali la pili linapoingia, na jibu lake linapatikana kwa kalamu na karatasi kabla hujagusa chupa.

Chukua rifampisini. Katika maji ya pH 4.3 huyeyuka takriban miligramu 1.3 kwa mililita. Katika pH 7.3 takriban miligramu 2.5. Umeweka miligramu 20 za dawa, na emulsheni yako imezungukwa na maji mililita 50. Maji hayo yana nafasi ya miligramu 65 katika pH ya chini, na 125 katika pH ya juu. Maana yake dawa yote ingeweza kuhamia kwenye maji na nafasi ikabaki. Ukipata asilimia 30 imefungwa, polima haijakukosea kitu. Umeiachia dawa mlango wazi.

Dawa hukaa kwa kubanwa. Punguza maji ya nje hadi mililita 20 au chini ya hapo. Yashibishe kwa rifampisini kabla ya kuanza, ili dawa ya ndani isiwe na pa kwenda, kisha isafishe ile ya nje baadaye kwa maji baridi. Shikilia pH ya maji ya nje kati ya 4 na 5, ambako rifampisini huyeyuka kwa kiasi cha chini, ila usishuke kwenye pH 1 au 2: huko huyeyuka kwa wingi na huanza kuoza. Badilisha asetoni kwa ethili asetati kama unaweza, maana rifampisini huyeyuka vizuri zaidi humo. Na usioshe mara tano kwa mazoea tu. Kila mwosho unabeba dawa.

Isoniazidi ni kesi nyingine. Huyeyuka zaidi ya miligramu 100 kwa kila mililita ya maji. Kuifungia kwa njia ya kudondosha asetoni kwenye maji ni kupoteza muda, nasema wazi, hata kama utakuta mtu amechapisha kwamba imewezekana. Njia yenye matumaini ni emulsheni maradufu, maji ndani ya mafuta ndani ya maji, na chumvi au sukari kwenye maji ya nje ili shinikizo la osmosisi lisiyapasue matone ya ndani. Hata hapo tegemea asilimia ya wastani. Na usizitie isoniazidi na rifampisini kwenye chembe moja bila kufikiri: zikikutana kwenye mazingira ya asidi, isoniazidi huharakisha kuoza kwa rifampisini, na PLGA inapovunjika hutengeneza asidi yake yenyewe.

Dawa imekaa ndani mno

Dalili hii hakuna anayeilalamikia, ndiyo maana ninaiandikia kwa kirefu. Mwanafunzi anakuja na asilimia 97 ya efavirenzi iliyofungwa, anapongezwa, na tatizo linajificha hadi jaribio la utoaji, yaani kupima dawa inatoka kwenye chembe kwa kasi gani.

Efavirenzi huyeyuka chini ya mikrogramu 10 kwa mililita ya maji. Fanya hesabu ileile: miligramu 20 za dawa, maji mililita 50. Maji hayo hayawezi kubeba zaidi ya nusu miligramu. Sasa njia inayotumiwa na wengi ni kuzungusha bechi kwenye sentrifuji, kupima dawa iliyobaki kwenye maji ya juu, na kuitoa kwenye jumla. Maji ya juu yatakuwa na miligramu 0.5 kwa vyovyote vile. Ishirini kutoa nusu, gawa kwa ishirini: asilimia 97.5. Namba hiyo ungeipata hata kama dawa yote ingekuwa fuwele tupu zilizozama chini ya mrija pembeni ya chembe zako. Haikuambii chochote kuhusu polima.

Jaribio la kulifichua ni rahisi na halili PLGA hata chembe. Rudia kila hatua, kwa dawa ileile, kiyeyushi kilekile, PVA ileile na sentrifuji ileile, ila usiweke polima. Pima maji ya juu na uhesabu kama kawaida. Ukipata asilimia 90 na ushee "iliyofungwa" ndani ya polima ambayo haipo, ujue njia yako ya kuhesabu ndiyo mgonjwa. Pima vilevile efavirenzi inayeyuka kiasi gani ndani ya PVA yako hasa, si ndani ya maji ya vitabuni, kwa kuwa PVA na poloksama huipandisha kidogo.

Kisha zitafute fuwele. Weka tone kwenye slaidi, tazama kwa hadubini ya polaraizi, yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana: PLGA inabaki giza, fuwele zinameremeta. Zungusha sehemu ya bechi taratibu, 1,000 g kwa dakika 5. Chembe za nanomita 150 karibu hazisogei kwa nguvu hiyo, fuwele kubwa zinashuka. Yeyusha mashapo na kilichobaki juu kila kimoja peke yake kwa asetonaitraili, pima dawa kwa HPLC (mashine inayotenganisha na kupima kemikali). Kama theluthi ya dawa iko kwenye mashapo ya 1,000 g, theluthi hiyo haikuwahi kuwa ndani.

Wenye mashine ya kupima joto la kuyeyuka hutafuta kilele cha efavirenzi karibu nyuzi 138 na, wasipokiona, hutangaza kwamba dawa yote imetawanyika ndani ya polima. Polepole hapo. Fuwele chache hazitoi kilele kinachoonekana, na wakati wa kupashwa joto polima iliyolainika inaweza kuimeza dawa kabla haijafika nyuzi 138. Kukosekana kwa kilele ni ushahidi dhaifu. Hadubini na jaribio la bila polima vina nguvu zaidi, na ni vya bei ya chini.

Ukithibitisha kwamba fuwele zipo, dawa uliyoweka imezidi uwezo wa polima kuibeba. Anza na dawa asilimia 5 ya uzito wa polima, panda kidogo kidogo hadi fuwele zitokee, kisha rudi hatua moja nyuma.

Kwa dawa yoyote, iwe rifampisini au efavirenzi, pima pande zote: dawa ndani ya chembe zilizoyeyushwa, dawa kwenye maji ya juu, dawa kwenye maji ya kuoshea. Jumla irudi karibu na ulichoweka, tuseme kati ya asilimia 90 na 110. Ikirudi 70, kuna kitu kimeganda kwenye kuta za bika, kimeoza, au kimekwenda na zile chembe ndogo zilizobaki juu kwenye sentrifuji.

Inamwagika yote siku ya kwanza

Kwanza tukubaliane kuhusu kinachowezekana. Watu husoma kwamba PLGA ya 50:50 (nusu asidi laktiki, nusu glikoliki) huvunjika kwa mwezi mmoja au miwili, wakatarajia chembe ya nanomita 150 itoe dawa kwa muda huohuo. Lupron Depot, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989, hutoa dawa kwa mwezi, lakini hiyo ni ya chembe za mikromita, na dawa yake ni peptidi. Muda wa molekuli kupenya hadi nje hupanda kwa mraba wa umbali. Chembe yenye kipenyo kidogo mara 100 inaweza kuwa na safari fupi mara 10,000. Molekuli ndogo kama efavirenzi haisubiri polima ivunjike. Inatoka kwa kupenya tu. Kwa hiyo utoaji wa siku tatu hadi saba kutoka kwenye nanochembe si hitilafu. Anayetaka mwezi na ukubwa wa nano kwa molekuli ndogo anapaswa kubadili dawa iwe kitu kinachopenda mafuta zaidi, au kuifunga kwenye polima kwa kifungo cha kikemia.

Ila asilimia 70 ikitoka saa mbili za mwanzo, tafuta sababu. Mara nyingi ni dawa iliyokaa juu ya uso, au zile fuwele za sehemu iliyopita. Osha mara moja zaidi kwa maji baridi yenye PVA kidogo na upime tena: saa mbili za mwanzo zikishuka sana, ilikuwa ya usoni. Isiposhuka, angalia matundu. Emulsheni maradufu huacha vijitundu, na uzito mdogo wa molekuli za polima huacha ukuta laini. Na kumbuka lile joto la kulainika: katika nyuzi 37, PLGA iliyolowa huenda tayari imeshalainika, na jaribio ulilofanya kwa nyuzi 25 halitatabiri chochote.

Mstari umesimama, au unashuka

Jumla ya dawa iliyotoka haiwezi kupungua. Mstari wa grafu ya utoaji ukishuka baada ya siku mbili, dawa inaoza kwenye chupa ya jaribio.

Kwa rifampisini hilo ni jambo la kawaida. Katika pH 7.4 na nyuzi 37 hewa huioksidisha kuwa rifampisini kwinoni, na ule wekundu wake unabadilika mbele ya macho yako. Ukipima kwa spektrofotomita katika nanomita 475 tu, unasoma mchanganyiko wa dawa na kilichooza bila kujua. Weka asidi askobiki kidogo kwenye bafa, funika chupa isipate mwanga, na tumia HPLC angalau kwa sampuli za mwisho. Weka pembeni chupa ya rifampisini huru katika bafa hiyohiyo, joto hilohilo, siku zote za jaribio. Inayopotea humo ndiyo kipimo cha kuoza.

Mstari uliosimama asilimia 40 kwa efavirenzi una maelezo mengine: maji yameshiba. Miligramu 1 ya dawa kwenye mililita 50 za bafa haiwezi kutoka yote, kwa sababu bafa hiyo inabeba nusu miligramu tu. Chembe ziko tayari kutoa, hakuna pa kutoa. Kiasi cha bafa kiwe angalau mara tatu ya kile ambacho dawa yote ingekishibisha, yaani hapa mililita 300, au ongeza polisobati 80 na upime upya uwezo wa kuyeyuka humo.

Mfuko wa dayalisisi, ule unaopitisha dawa na kuzuia chembe, nao unadanganya. Jaza mfuko dawa huru, isiyo na chembe, uone inachukua muda gani kutoka. Kama inachukua saa sita, basi chochote ulichosema kuhusu saa sita za mwanzo za chembe zako ni habari za mfuko.

Chaji karibu na sifuri

Chembe za PLGA ambayo minyororo yake ina ncha za asidi huwa hasi, na wengi wameambiwa wafike milivolti −30. Zikiwa na koti la PVA au PEG namba hiyo husogea kuelekea sifuri bila ubaya wowote, kwa sababu koti ndilo linalozitenganisha. Kinachohitaji uangalizi ni namba inayorukaruka. Usipime ndani ya maji matupu; tumia chumvi ya mezani ya milimola 1 hadi 10, na uandike pH. Chaji bila pH haina maana.

Wenye kutengeneza chembe za kitosani (polima nyingine, yenye chaji chanya) kwa TPP (tripolifosfati, inayoifunga) watapata chaji chanya, na lalamiko lao kuu ni mashapo mazito bechi inapoingia kwenye bafa ya 7.4. Ni tabia ya kitosani: juu ya pH 6.5 hivi hupoteza chaji yake na kushikana. TPP ikizidi huleta matokeo hayohayo mapema zaidi.

Unga haurudi kuwa maziwa

Baada ya kukausha kwa kugandisha, unaongeza maji na kupata vidonge vinavyoelea. Kama hukuweka sukari, umeshapata jibu. Sukrosi au trehalosi asilimia 5 ndiyo pa kuanzia. Manitoli hutengeneza keki nzuri ya kupiga picha, lakini hujitenga kuwa fuwele na kuziacha chembe zigusane. Linganisha ukubwa baada na kabla: uwiano wa hadi 1.3 wengi wanaukubali.

Keki iliyosinyaa na kunata kwenye kitako cha chupa ni habari ya joto. Sukrosi iliyogandishwa na maji hulainika karibu nyuzi −32, na chupa ikipanda juu ya hapo barafu ikiwa haijaisha, keki inaanguka. Umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta ikachelewa, hicho ndicho utakachokikuta asubuhi. Kabla ya kulaumu fomula, tazama kumbukumbu ya joto ya mashine. Kama haina kumbukumbu, weka kipimajoto kinachojirekodi ndani.

Na unapohesabu mzigo wa dawa kwa uzito wa unga, ondoa sukari, ondoa na PVA. Kuna PVA ambayo haitoki kwa kuosha, hata ukiosha mara ngapi.

Bechi za Machi na za Juni hazifanani

Hapa sasa polima inaweza kuwa na hatia kweli. PLGA huvunjwa na maji, na maji huingia kwa njia ambayo watu hawaiangalii: chupa inatolewa kwenye friza ya −20 na kufunguliwa papo hapo. Katika hewa ya pwani umande unatua ndani ya chupa kwa sekunde chache. Unafunga, unairudisha, na kila mara unaongeza tone jingine. Iache chupa ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, ndani ya mfuko wenye silika, kisha ndipo ufungue. Polima mpya igawe kwenye chupa ndogo siku inapofika.

Kama umebadilisha chupa, soma herufi zote za kwenye kibandiko. Resomer (jina la biashara la PLGA) RG 502 H na RG 502 zina uwiano uleule wa 50:50, lakini H ina ncha za asidi na ile nyingine ina ncha za esta. Ya H hunyonya maji haraka, huvunjika haraka na ina chaji hasi zaidi. RG 503 H ni ya asidi pia, ila ina molekuli kubwa zaidi. Kwenye daftari usiandike "PLGA 50:50" ukaishia hapo. Andika uwiano, ncha, uzito wa molekuli, namba ya bechi ya mtengenezaji, na tarehe chupa ilipofunguliwa mara ya kwanza. Na kama wakala amekuuzia unga kwenye chupa isiyo na maelezo hayo, mdai cheti cha uchambuzi kabla ya kupima hata gramu moja.